Mwandishi na mwanasiasa mwongo: Wanazuoni wa hadithi wanatufundisha nini?

Na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Mikese, Morogoro

MIONGONI mwa elimu ambazo Waislamu wana haki ya kujivunia ni elimu ya kuwachunguza wapokezi wa hadithi, ile inayoitwa kwa Kiarabu al-jarh wat-ta'dil. Wanafunzi wetu wa sekondari huisoma kwa ajili ya mtihani. Hukariri maneno sahihi, hasan na dhaifu, wakayajaza kwenye karatasi, wakapata alama zao, na mambo yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuitoa elimu hiyo darasani na kuipeleka mahali ambapo siku hizi inahitajika mno: mbele ya kinasa sauti cha mwandishi wa habari anapomhoji mwanasiasa.

Ndugu msomaji, mwandishi wa habari ni mpokezi. Anapoandika kwamba waziri amesema kadha wa kadha, anafanya kazi ile ile aliyokuwa akiifanya mtu wa Basra au Kufa karne ya pili ya Hijra aliposimama mbele ya watu na kusema kuwa amesikia kwa fulani, naye amesikia kwa fulani. Tofauti ni kwamba yule wa Basra aliulizwa: Ulimsikia mwenyewe? Wapi? Mwaka gani? Huyo uliyemsikia alikuwa mtu wa namna gani? Mwandishi wetu mara nyingi haulizwi kitu, na yeye mwenyewe hamuulizi kitu aliyempa habari. Akibanwa hujibu kwamba kazi yake ni kuripoti tu kilichosemwa. Kama kilichosemwa ni uongo, basi uongo huo ni wa msemaji.

Jawabu hili wengi wanaliridhia, hata baadhi ya wahariri. Katika Uislamu halina nafasi. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, kabla hata hajaanza kutaja hadithi za imani, ameweka hadithi isemayo kwa maana kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo kule kusimulia kila anachokisikia. Haikutajwa hapo kuwa msimuliaji huyo amebuni jambo. Kosa lake ni kwamba amebeba kila kitu bila kuchuja. Kwa mizani hii, mwandishi aliyebeba uongo wa mwanasiasa na kuupeleka ukurasa wa mbele kama ulivyo, hali alikuwa na uwezo wa kuuchunguza, hawezi kunawa mikono.

Hapa Mikese watu wanaielewa lugha ya mizani. Kwa miaka mingi malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda bara yalikuwa yakipimwa uzito hapa kwetu. Dereva alikuja na karatasi zake zinazosema amebeba tani kadhaa, na hakuna aliyemtukana wala kumwita mwongo. Aliambiwa tu apande kwenye mizani. Kama karatasi na mizani vimekubaliana, alikwenda zake. Kama havikukubaliana, ndipo mazungumzo mengine yalipoanza. Sijawahi kusikia mtu akisema kuwa kumpima dereva ni kumvunjia heshima. Ajabu ni kwamba mwanasiasa akiulizwa swali la pili, tunaambiwa mwandishi hana adabu.

Amri ya Qur'an juu ya jambo hili iko wazi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (SW) anawaamrisha waumini kwamba akiwajia fasiki na habari, wapeleleze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki kujuta. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa aya hii iliteremka baada ya al-Walid bin Uqba kutumwa na Mtume (SAW) kwenda kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Akarudi njiani na kudai kuwa watu wale wamekataa kutoa na wanataka kumuua. Lau habari ile ingefanyiwa kazi papo hapo, jeshi lingekwenda kuwapiga watu ambao walikuwa wametoka kumlaki mjumbe. Wapo wanazuoni waliojadili sanadi za kisa hiki, lakini maana ya aya haitegemei kisa hicho peke yake.

Zingatia kwamba aya haikusema habari ya fasiki itupwe. Imesema ichunguzwe. Pia imetaja madhara yake kuwa ni watu kudhuriwa. Sisi wa Mkoa wa Morogoro hatuhitaji kupelekwa mbali ili kuelewa hilo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Tangu wakati huo ugomvi wa ardhi na malisho umezuka mara kwa mara Kilosa, Mvomero na Morogoro Vijijini. Katika mazingira kama hayo, mwanasiasa anayetafuta kura za upande mmoja anaweza kusimama redioni na kudai kuwa upande wa pili wamevamia, wamehonga, au si wenyeji. Mtangazaji aliyepo studio ana sekunde chache za kuuliza: Una ushahidi gani? Kijiji gani? Umeripoti wapi? Akizitumia sekunde hizo kucheka na kuingiza tangazo la biashara, asije akasema baadaye kuwa yeye aliripoti tu.

Sasa turejee kwa wanazuoni wetu. Yupo mmoja aliyeitwa Shu'ba bin al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 160 Hijria. Huyu alisoma kwa Qatada bin Di'ama, mwanachuoni mkubwa wa Basra, kipofu mwenye hifdhi ya ajabu. Qatada alikuwa mkweli, lakini alikuwa na mazoea ambayo wanazuoni wanayaita tadlis: mara nyingine alisema "kutoka kwa fulani" bila kubainisha kama amemsikia fulani huyo mwenyewe au ameyapata maneno yake kwa mtu mwingine kati yao. Shu'ba akawa akikaa darasani anauchunga mdomo wa mwalimu wake. Qatada akisema "ametuhadithia fulani", Shu'ba anaandika. Akisema "kutoka kwa fulani" au "amesema fulani", Shu'ba anaacha kalamu mpaka aulize.

Namuomba kila mwandishi kijana akisome kisa hiki mara mbili. Shu'ba hakuwa akimdharau mwalimu wake. Alimheshimu, akamfuata, akachukua kwake elimu nyingi. Lakini alijua kuwa kati ya "nimesikia" na "imesemwa" kuna pengo, na kwenye pengo hilo ndipo uongo unapopita. Na iwapo mtu kama Qatada alichungwa mdomo, mbunge ni nani asichungwe?

Wanasiasa wetu wana tadlis yao. Sikiliza mahojiano yoyote utaikuta. "Serikali inalifanyia kazi." Nani hasa ndani ya serikali, na tangu lini? "Fedha zimeshatengwa." Zimetengwa kwenye bajeti ya mwaka upi, na zimetoka kiasi gani? Kutengwa na kutolewa ni vitu viwili, na kila diwani anajua hivyo. "Wataalamu wametushauri." Wataalamu gani, na ripoti yao iko wapi? Maneno haya si uongo kwa maana ya kwamba unaweza kumkamata mtu nayo. Ni "kutoka kwa fulani" tu. Mwandishi aliyesomea kazi yake anatakiwa hapo aache kalamu.

Upo mfano mmoja unaotuhusu sisi Waislamu kwa karibu, kwa sababu ulitokea msikitini. Machi 2021 nchi nzima ilikuwa ikiulizana aliko Rais John Magufuli, ambaye hakuwa ameonekana hadharani kwa siku kadhaa. Ijumaa ya tarehe 12 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, baada ya swala ya Ijumaa mjini Njombe, aliwahakikishia waumini kuwa Rais ni mzima, anaendelea na kazi zake, na kwamba amezungumza naye kwa simu. Katika siku hizo hizo polisi walikuwa wakiwakamata watu kwa tuhuma za kueneza uvumi kuwa Rais ni mgonjwa. Tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Rais amefariki. Katika tangazo hilo alieleza kuwa marehemu alilazwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6 Machi, akaruhusiwa tarehe 7, kisha akapelekwa Hospitali ya Mzena tarehe 14.

Insafu inatutaka tuseme kwamba kwa mujibu wa tarehe hizo, ile Ijumaa ya tarehe 12 Rais hakuwa amelazwa. Kwa hiyo mtu hawezi kuchukua kauli ya Njombe peke yake akahitimisha kuwa msemaji alidanganya. Lakini jambo moja haliwezi kukanushwa: wakati maneno yale yanatamkwa, Rais alikuwa ameshalazwa hospitali ya moyo siku sita nyuma yake, na wananchi hawakuambiwa. Swali la Shu'ba lingekuwa jepesi: Mheshimiwa, mara ya mwisho umemwona lini kwa macho yako? Je, ameugua tangu mwezi huu uanze? Maswali mawili hayo hayana tusi ndani yake wala uchochezi. Taarifa zilizotufikia kesho yake zilikuwa ni maneno ya Waziri Mkuu yaliyonukuliwa kama yalivyo. Sisi tuliokuwa misikitini mwetu siku ile tuliyapokea kwa uzito zaidi kwa vile yalitamkwa ndani ya nyumba ya Allah. Mimbari na zulia la msikiti haviongezi wala kupunguza kitu katika sanadi. Habari ni habari, ichunguzwe.

Kuna watakaosema kuwa hali ya siku zile ilikuwa ngumu na aliyeuliza angepotea. Hilo nitalizungumzia mbele, kwani ni kweli na si dogo.

Wakati mwingine mwandishi huuliza, tena huuliza vizuri, kisha hupotezwa na jawabu. Aprili 2008 gazeti la Guardian la Uingereza lilifichua kuwa wachunguzi wa nchi hiyo, waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada ya Tanzania kutoka kampuni ya BAE, wamekuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya Andrew Chenge kisiwani Jersey. Wakati huo alikuwa Waziri wa Miundombinu, na kabla yake alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa miaka kumi, kipindi ambacho rada hiyo ilinunuliwa. Aliporejea nchini kutoka safari ya China, waandishi walimkuta uwanja wa ndege wakamuuliza. Akaziita fedha zile "vijisenti". Nchi nzima ikapata neno jipya. Likaingia kwenye vikatuni, kwenye nyimbo, kwenye daladala, na hapa stendi ya Msamvu makondakta walikuwa wakidaiana chenji kwa neno hilo. Tarehe 20 Aprili akajiuzulu uwaziri.

Waandishi wale walifanya kazi yao, na bila ya swali lao tusingepata hata neno. Lakini tuliokuwa wasomaji tulikula kicheko tukasahau chakula. "Vijisenti" ni jawabu la swali la ukubwa: hizi ni fedha nyingi au kidogo? Swali lililokuwa linaumiza lilikuwa jingine: zimetoka wapi, na kwa kazi gani? Neno moja la dharau likageuza mjadala mzima ukawa juu ya majivuno ya tajiri, badala ya rada ya pauni milioni 28. Nasisitiza kuwa hakuna mahakama iliyomtia hatiani Chenge kwa fedha hizo. Aliendelea kuwa mbunge, na akafika hata kukalia kiti cha Mwenyekiti wa Bunge. BAE yenyewe, Desemba 2010, ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza vyema hesabu zinazohusu biashara hiyo, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na takriban pauni milioni 29.5 zikaja Tanzania kwa ajili ya vitabu na madawati. Yaani waliotufikisha karibu na jawabu la "zimetoka wapi" walikuwa wachunguzi wa nchi nyingine. Sisi tulibaki na neno.

Juu ya swali la kufuatilia, tunalo fundisho zuri katika hadithi ya Abu Hurayra (RA) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (SAW) alimpa kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu anachota chakula. Akamkamata. Mtu yule akalia shida na watoto, akaahidi hatarudi, akaachiwa. Asubuhi Mtume (SAW) akamuuliza Abu Hurayra: mateka wako wa jana amefanya nini? Akaeleza. Mtume (SAW) akamjulisha kuwa amemdanganya na atarudi. Ikawa vivyo hivyo usiku wa pili. Usiku wa tatu mwizi akajikomboa kwa kumfundisha fadhila ya Ayatul Kursiy. Asubuhi Mtume (SAW) akabainisha kuwa katika hilo amesema kweli ingawa ni mwongo mkubwa, na kwamba alikuwa ni shetani.

Watu wengi huitumia hadithi hii kwa ajili ya Ayatul Kursiy peke yake, na ni sahihi. Ila tazama pia namna swali lilivyorudiwa kila asubuhi. Ahadi ya jana haikusahauliwa kwa sababu leo ni siku mpya. Na tazama kwamba mwongo naye, siku akisema kweli, ukweli wake haukukataliwa. Kwa hiyo mwandishi asidhani kuwa kumjua mtu kwa uongo kunamtosha kuyakataa maneno yake yote kabla ya kuyasikia. Hilo ni kosa la upande wa pili, nalo limejaa kwenye magazeti ya vyama.

Tuangalie jambo la Richmond. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame, na kampuni hiyo ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya umeme wa megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Mkataba ukahamishiwa Dowans, na Tanesco ikawa inabeba malipo ya shilingi milioni 152 kwa siku. Mwaka 2007 taasisi ya kupambana na rushwa ilieleza kuwa haikuona rushwa. Baadhi ya magazeti hayakuridhika, yakaendelea kuuliza asubuhi baada ya asubuhi: mateka wako wa jana amefanya nini? Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Ripoti ikasomwa tarehe 6 Februari 2008, na kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakafuata. Lowassa siku zote alikanusha kuhusika, alilalamika kuwa kamati haikumhoji, wala hakufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Alifariki Februari 2024, nasi hatuna haja ya kumsema marehemu zaidi ya yaliyo kwenye kumbukumbu za Bunge.

Somo lenyewe liko mwaka 2015. Tarehe 28 Julai mwaka huo Lowassa alihamia Chadema. Chama hiki ndicho ambacho Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, kupitia Dk. Willibrod Slaa, kilisoma orodha ya watu kiliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwemo. Akiulizwa Richmond alijibu kuwa mwenye ushahidi aende mahakamani. Jawabu hilo lilikuwa haki yake. Swali gumu zaidi lilipaswa kwenda kwa wengine wawili. Viongozi wa Chadema walitakiwa kuulizwa: lile mlilolisema Mwembeyanga, mlisema kweli wakati ule na sasa mnasitiri, au mlimzulia mtu wakati ule na mnatakiwa kumuomba radhi? Hakuna jawabu la tatu. Na viongozi wa CCM walitakiwa kuulizwa: kama ni fisadi kama mnavyohubiri leo majukwaani, kwa nini alibaki ndani ya chama chenu miaka saba baada ya kujiuzulu? Yapo magazeti yaliyouliza la kwanza na yapo yaliyouliza la pili. Ilitegemea gazeti linaegemea wapi. Ni machache niliyoyaona yakiuliza yote mawili kwa ukali ule ule.

Suratul Maida, aya ya 8, inakataza chuki juu ya watu isitupelekee kuacha uadilifu. Suratun Nisaa, aya ya 135, inaamrisha ushahidi wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Wasomaji wa gazeti hili nao wajiulize. Akihojiwa mbunge Mwislamu, aliyechangia ukarabati wa msikiti na anayekuja kwenye Maulid, je, tunataka abanwe kama tunavyotaka abanwe yule mwingine? Au tunatafuta mwandishi wa kumsafisha? Nauliza kwa kuwa nimeyaona.

Wapo ndugu wenye wasiwasi kwamba kufichua uongo wa mtu ni kusengenya. Wanafunzi wangu nao huniuliza swali hili kila mwaka, na ni swali zuri. Wanazuoni wa hadithi waliulizwa hilo hilo walipokuwa wakisema fulani ni mwongo, fulani ana hifdhi mbovu. Jawabu lao lilikuwa kwamba kunyamaza kungeiharibu dini ya watu wote ili kuilinda heshima ya mmoja. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu asipokuwepo, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Lakini ruhusa hii ina mipaka. Mpokezi alisemwa kwa lile linalohusu upokezi wake. Hawakuingia chumbani kwake. Mwandishi anayemhoji waziri juu ya mkataba hana ruhusa kwa hoja hii kuchimba ndoa yake, maradhi ya mwanawe au kabila la mama yake. Magazeti yetu ya udaku yanajificha chini ya kivuli cha "kufichua" huku yakila nyama za watu.

Aidha, mtuhumiwa lazima asikilizwe. Nabii Daud (AS), katika Suratu Swad, aliletewa kesi ya kondoo 99 na kondoo mmoja, akatamka hukumu kwa maelezo ya mlalamikaji, kisha akatambua kuwa ametahiniwa akaomba msamaha. Baadhi ya wafasiri wanaona fundisho lake ni kutohukumu kabla ya kuusikia upande wa pili. Siku hizi utakuta habari ndefu ya tuhuma, mwishoni imeandikwa kuwa mhusika alipigiwa simu haikupokelewa. Alipigiwa mara ngapi? Saa ngapi? Kama ni mara moja saa mbili usiku gazeti likielekea mtamboni, huko si kumsikiliza.

Sasa bahasha. Kila mtu anajua habari yake. Mheshimiwa anaita waandishi, anazungumza, wanagawiwa "nauli", habari inatoka ikiwa imenyooka kama ilivyosemwa. Wengi wa wanaochukua ni waandishi wa mikoani wasio na ajira ya kudumu, wanaolipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na malipo yenyewe hayatoshi hata kodi ya chumba Kihonda. Siwabezi. Mwenye gazeti anayemtuma mtu kazini bila nauli ana sehemu yake katika dhambi hii, na pengine ni kubwa zaidi. Ila hukumu yake inafahamika. Mtume (SAW) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya sadaka za Banu Sulaym. Aliporudi akagawa: hiki chenu, hiki nimepewa mimi zawadi. Mtume (SAW) akapanda mimbari akauliza, kwa maana yake, kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa zawadi hiyo. Kipimo hiki kinamfaa mwandishi vizuri sana. Lau ungekuwa muuza nyanya pale Mikese, Mheshimiwa angekupa nauli?

Na wako ambao hawakuchukua bahasha wakapata kingine. Yahya bin Ma'in, imamu wa uchunguzi wa wapokezi, alitaka kumtahini Abu Nu'aym al-Fadhl bin Dukayn. Akachanganya ndani ya hadithi zake hadithi tatu zisizo zake ili aone kama atazitambua. Mzee akazitambua zote, akakasirika, akampiga teke mpaka akaanguka. Inasimuliwa kuwa Yahya alisema teke lile lilikuwa bora kwake kuliko safari yake yote, maana alikuwa amethibitisha kuwa mzee ni madhubuti. Ningependa waheshimiwa wetu wakasirike namna hiyo, kwa kujibu swali sawasawa kisha wapige teke.

Mateke ya kwetu ni ya aina nyingine. Januari 2008 Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi alivamiwa ofisini na kumwagiwa tindikali usoni. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini mbele ya polisi. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Ndiyo maana nilisema hofu si jambo dogo. Sheria ya Kiislamu haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na mwandishi mwenye watoto hawezi kulazimishwa na sisi tuliokaa kwenye viti kuuliza swali ambalo sisi wenyewe tungelimeza. Anachoweza kufanya mwenye hofu ni kutoongeza. Kama hawezi kuuliza, asisifu. Aandike "alisema" na asiandike "alithibitisha". Aandike "hakutaja chanzo". Maneno mawili matatu hayo ni sawa na Shu'ba alipoacha kalamu, na msomaji mwenye akili atayaelewa.

Novemba 21, 2017, Azory Gwanda, aliyekuwa akiiandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa Kibiti na watu wasiofahamika wakiwa na gari jeupe. Walimpitisha shambani alikokuwa mkewe, akamuuliza ulipo ufunguo wa nyumba, akasema anapata safari ya dharura. Hakurudi. Katika maeneo hayo hayo ziko familia nyingi, nyingi zikiwa za Kiislamu, ambazo nazo zilipotelewa na waume na vijana katika kipindi hicho, na majina yao hayakupata hata kichwa cha habari. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu wanahabari waliuliza aliko mwenzao bila kupata la maana. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, alipohojiwa na BBC juu ya Azory, alitamka kwa Kiingereza kuwa alitoweka na amekufa. Habari ikaenea dunia nzima. Baadaye ukatolewa ufafanuzi kuwa maneno yake yameeleweka vibaya na kwamba haijathibitishwa kama Azory yu hai au amekufa.

Kauli mbili kutoka kwa mtu mmoja, ndani ya siku chache. Mpokezi akigongana mwenyewe namna hii, wanazuoni walikuwa na utaratibu: anarudishwa kwenye kauli ya kwanza na kuulizwa aliitoa wapi. Nani alimwambia Profesa kuwa Azory amekufa? Alimwambia lini? Alikuwa na karatasi mbele yake au alikuwa anakisia? Na kama alikisia, ni nini kilichomfanya akisie kifo badala ya uhai? Mtangazaji aliyepo mbali alipata swali moja na jawabu moja. Hayo mengine yalikuwa ya kuulizwa hapa nyumbani, Dodoma, kwenye viwanja vya Bunge, na mwandishi yeyote mwenye kitambulisho cha kuingilia.